Kutoka Pune hadi Sengerema: Somo la Pikipiki kwa Kamati za Parokia



Somo la robo hii linahusu chombo kinachofahamika katika kila kigango: pikipiki. Boda boda humpeleka mama mjamzito hospitali, mwalimu shuleni na gunia la mahindi sokoni. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, safari ya Mwanza hadi Sengerema haitegemei tena kivuko, na vijana wengi wanatazamia kazi ya usafiri. Ndiyo maana kamati inapoandika mradi wa vijana, pikipiki hutajwa mapema. Swali letu ni hili: tununue chombo peke yake, au tununue chombo pamoja na ujuzi?

1. Wenzetu wa India walianzaje?

Jina "bajaji" tunalolitumia kila siku limetokana na kampuni ya Bajaj ya mjini Pune, India. Karibu mwaka 1960 kampuni hiyo ilianza kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio ya Italia. Leseni ilipokwisha mwaka 1971, kazi haikusimama. Mafundi walikwisha kujifunza, na mwaka uliofuata wakaendelea kwa jina lao wenyewe, Chetak.

Upande wa magari, Serikali ya India ilianzisha Maruti mwaka 1981 na kuingia ubia na Suzuki ya Japani. Gari la kwanza lilikabidhiwa kwa mnunuzi Desemba 1983. Mwanzoni vipuri vingi vilitoka Japani. Lakini masharti yalikuwa wazi: mwaka hadi mwaka vipuri vitengenezwe India kwa wingi zaidi. Wahindi walikwenda Japani kujifunza, Wajapani wakaja India kufundisha, na viwanda vidogo vya vipuri vikaota kuzunguka kiwanda kikubwa. Mwaka 2022 India iliipita Japani na kuwa soko la tatu kwa ukubwa wa magari duniani.

Tusisifu kila kitu. Kwa miaka mingi ushindani ulizuiwa, na mnunuzi wa skuta ya Bajaj alisubiri miaka kadhaa kabla ya kuipata. Hero na Honda walipoungana mwaka 1984 na kuleta pikipiki inayotumia mafuta kidogo, Bajaj ililazimika kubadilika. Ilishirikiana na Kawasaki, na humo ndimo ilimotoka Boxer tunayoiona vijiweni. Kwa hiyo kulea fundi ni jambo jema, lakini kumlea bila kumpima humlemaza.

2. Na sisi je?

Tanzania nayo ilijaribu. Huko Kibaha, Shirika la Nyumbu lilibuni lori lake, na malori ya Scania yaliunganishwa katika kiwanda cha TAMCO. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, ilipewa jukumu la kulea viwanda vidogo. Hata hivyo, lori la Nyumbu halikufika sokoni kwa wingi, na vyombo vingi barabarani bado vinatoka nje. Kupata ujuzi wa kutengeneza cha kwanza ni hatua moja. Kuwa na wanunuzi, vipuri na mtaji wa kuendelea ni hatua nyingine.

Hatutarajii parokia ijenge kiwanda. Lakini kukaza mnyororo, kufua injini, kuchomelea keria na kushona kiti ni kazi zinazoweza kufanyika hapa hapa Sengerema, na fedha zake zikabaki hapa.

3. Hesabu ya mkataba

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Pikipiki inauzwa shilingi 3,000,000. Kijana anapewa kwa mkataba: alete 10,000 kwa siku, siku 6 kwa juma, kwa majuma 70. Atalipa 4,200,000, yaani 1,200,000 zaidi ya bei, na mafuta, oili na matairi ni juu yake. Akiugua juma la 60, amekwisha kulipa 3,600,000. Ikiwa mkataba ni wa mdomo, mwenye chombo anaweza kukichukua, na kijana akabaki mikono mitupu. Mradi wa Kanisa usifanane na huo.

4. Tunashauri

(a) Kila ombi la pikipiki liwe na fungu la mafunzo ya udereva na leseni, kofia ngumu mbili, na bima.

(b) Kwa kila kundi la pikipiki, vijana wawili wapelekwe VETA au kwa fundi mzoefu kujifunza ufundi, na wapewe vifaa vya kuanzia.

(c) Mkataba uandikwe. Kila malipo yahesabiwe kuwa sehemu ya umiliki, na ugonjwa au ajali vitajwe.

(d) Marejesho yapitie SACCOS au VICOBA, ili yamfikie kijana mwingine.

(e) Fundi apimwe kwa kazi yake. Wateja wasipomrudia, kamati iulize kwa nini.

Kwa wafadhili: pikipiki 10 zilizopangwa mbele ya kanisa zinapendeza katika picha. Tunawaomba mkubali 8, ili fedha za 2 zijenge karakana.

5. Neno la Mungu

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31 na ya 35, Mungu anamjaza Bezaleli hekima ya ufundi, na pamoja na Oholiabu anapewa pia moyo wa kufundisha wengine. Ufundi ni karama, na karama hukua inapogawiwa.

Maswali ya kujadili katika kamati na Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Pikipiki ikiharibika katika kigango chetu, fedha za matengenezo huenda wapi?
2. Ni vijana wangapi kwetu wana mkataba ulioandikwa?
3. Ni kifaa gani kimoja tunachoagiza mbali, ambacho fundi wa hapa angeweza kukitengeneza akiwezeshwa?
4. Mradi wetu wa mwisho uliacha ujuzi gani mikononi mwa watu?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao na kuambatanishwa na ombi la mradi. Mungu awabariki.