Rungu, simi au nunchaku?

Swali: Nafanya mazoezi ya karate Kibera na narudi Kawangware usiku. Kati ya rungu, simi, bo na nunchaku, silaha ipi ina nguvu zaidi?
Msomaji, Kawangware

Jibu: Nafasi ndiyo inayoamua. Bo ni fimbo yenye urefu wa sentimita 180 hivi. Uwanjani itamweka mwenye simi mbali nawe, lakini katika kichochoro cha Laini Saba, hapo Kibera, itagonga mabati kabla haijamfikia mtu. Hapo unaweza kuchoma tu, si kuzungusha. Rungu la Kimaasai ni fupi na uzito wake umekaa kichwani. Mkono mmoja unatosha, wa pili unabaki huru kukinga. Ndiyo maana walinzi wengi wa usiku Nairobi hawajaliacha.

Simi hupanuka karibu na ncha, kwa hiyo pigo lake la kukata ni la hatari kuliko ya silaha hizi nyingine. Kwa kukinga ni dhaifu, maana mpini wake hauna kizuizi cha kulinda vidole. Nunchaku ya Okinawa, vijiti viwili vilivyounganishwa kwa kamba au mnyororo, naiweka mwisho: ikigonga kitu hurudi ovyo, hata kwa mwenyewe.

Hata hivyo, tafadhali usitembee na yoyote kati ya hizi. Sheria ya Kenya inakataza kubeba silaha hadharani bila sababu halali, na rungu moja halifui dafu mbele ya vijana wanne. Pita barabara yenye taa, rudi na wenzako wa mazoezi, na wezi wakitaka simu, wape.