Mimba, Mbuzi na Paka wa Ghalani

Ukiwa mjamzito Kitui au Makueni na umesikia habari za toksoplasma, kimelea kinachoweza kumwambukiza mtoto tumboni, tafadhali usimfukuze paka. Ndiye anayelinda mahindi na ndengu zako dhidi ya panya. Ni kweli kimelea hiki huzaana tumboni mwake, lakini hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki chache tu, mara nyingi akiwa bado mdogo, ameanza kuwinda. Mayai ya kimelea huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo yaambukize. Yakishakomaa, yanaweza kukaa udongoni zaidi ya mwaka.

Kimelea hukaa pia kwenye nyama mbichi, basi anza na kisu. Mbuzi akichinjwa Jumapili, ubao uliokatiwa nyama mbichi ndio huo huo unaokatiwa kachumbari, na kachumbari haipiti motoni. Katakata nyanya na vitunguu kwanza, nyama ije baadaye. Fungu lako la choma lirudi kwenye makaa mpaka wekundu uishe ndani, hata mchomaji akiapa kwamba limeiva.

Maji ya silanga au ya kisima cha mchangani yachemshe. Dawa ya klorini husaidia dhidi ya kipindupindu, ila mayai ya toksoplasma haiyaui.

Hamu ya kula udongo wa kichuguu au yale mawe ya sokoni usimfiche muuguzi. Huenda damu yako imepungua, na dawa ipo. Shambani vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni kabla ya kula. Mbuzi akitupa mimba, mwombe mwingine azike kondo, naye akiwa amevaa glavu: toksoplasma ni mojawapo ya visababishi.

Vipimo vya kawaida vya kliniki, kama VVU, kaswende na wingi wa damu, havikigusi kimelea hiki. Kwa hiyo ukipata homa na tezi za shingo zikavimba, sema wazi, uandikiwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Hatari kubwa ni kuambukizwa mara ya kwanza ukiwa na mimba; aliyeambukizwa zamani kwa kawaida kinga yake humkinga mtoto. Anayeishi na VVU asikatize dawa zake, maana kinga ikishuka kimelea kilicholala huamka.

Watoto wengi walioambukizwa huzaliwa wakionekana wazima, na jicho huweza kudhurika miaka baadaye. Kama ulipata homa ile, mpeleke mwanao akapimwe macho, hata kama anakuchekea na kukufuata kwa macho kila unapopita.