Kabla ya Mtaji, Hesabu Umri Wako

Kijana wa miaka 22 na mstaafu wa miaka 60 wakishika shilingi milioni tano siku moja, hawajashika fedha sawa. Kijana akizipoteza, ana miaka ya kuzitafuta upya. Mstaafu akizipoteza, zimekwenda na dawa za presha na ada ya mjukuu. Kabla ya kuuliza biashara gani inalipa, jiulize: nikipata hasara, nina muda gani wa kuifidia?

Kijana muda anao. Asichonacho ni kuaminika. Benki inataka dhamana, mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita, na muuzaji wa jumla hampi mali kauli mtu asiyemjua. Hapo wengi huangukia mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu, ya mtaani na ya kwenye simu. Usianzie huko. Mwaka mmoja wa kuuza kwenye duka la mtu utakufundisha bidhaa ipi inatoka na ipi inakaa, na wenye maghala watakujua kwa sura. Mfanyabiashara Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14 akaanza na biashara ndogondogo. Vinu vya unga vilikuja baadaye.

Kwa Tanzania, nenda pia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Angalia jambo moja: mwanamume aliyevuka umri wa ujana, asiye na ulemavu, hana fungu hapo.

Umri wa kati ndio unaodharauliwa, na nadhani kwa makosa. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani ulikuta kwamba waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi zaidi walikuwa na wastani wa miaka 45. Mfanyabiashara Reginald Mengi alikuwa mhasibu aliyekomaa kazini alipoanza kutengeneza kalamu nyumbani kwake. Mtu wa umri huu ana ujuzi na watu wanaompokelea simu. Kinachomuua ni Januari: ada, kodi ya nyumba na wazazi kijijini, vyote vikichotwa kwenye droo ya duka. Jilipe mshahara mdogo uliopangwa, na usiache ajira mpaka duka lijilipie pango lenyewe.

Mstaafu ndiye ninayemhofia zaidi. Kwa lazima mtumishi wa umma Tanzania hustaafu akiwa na miaka 60, kwa hiari 55. Kikokotoo cha pensheni cha mwaka 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33 ya mafao. Mwaka 2024 yakapandishwa hadi 35 au 40 kulingana na kundi la mwanachama. Siku mkupuo unapoingia, simu huanza kulia. Mpwa ana wazo la kuku wa nyama, jirani anauza gari aina ya Noah, mtoto wa kwanza anataka duka la vipodozi. Huenda wote wana nia njema. Lakini aliyefundisha darasani miaka 35 hajui bei ya spea za Noah, na dereva anaijua. Wastaafu wengi niliowaona wakiumia hawakutapeliwa. Walinunua biashara wasiyoijua, kwa fedha yote, kwa siku moja.

Kwa hiyo miezi sita ya kwanza fedha ikae benki au kwenye dhamana za Serikali za muda mfupi. Kisha jaribu kwa sehemu ya tano tu, tena kwenye kazi inayofanana na uliyoifanya: mwalimu na vifaa vya shule, bwana shamba na pembejeo. Ukimpa kijana asimamie, andikianeni mkataba, hata akiwa mwanao, na daftari la mauzo lisomwe kila jioni. Nyumba isiguswe. Sheria ya Tanzania inataka idhini ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, na mwenzi akikataa, msikilize.

Wewe ambaye barua ya kustaafu imeshafika: usisaini chochote wiki hii. Anayekuambia nafasi hii itapita kesho, mwache apite nayo.