SOMO LETU: Maji ya Kidimbwi Yakigeuka Kijani, Ni Nani Anayelisha Mwani?

Leo tunazungumza na vikundi vinavyofuga samaki, au vinavyofikiria kuanza.

Tuchukue mfano. Kikundi cha kujisaidia cha upande wa Dagoretti kimechanga pesa, kikachimba kidimbwi na kununua vifaranga vya tilapia. Kila mwanachama ana siku yake ya zamu, na kila mmoja huja na kitu mkononi. Huyu analeta chakula cha samaki, yule mabaki ya ugali, mwingine karai la mbolea ya kuku. Maji yanageuka kijani na watu wanafurahi. Halafu asubuhi moja mwezi wa saba, baada ya siku tatu za mawingu, mwenye zamu anakuta samaki wakielea, matumbo juu. Majirani wanasema ni sumu. Wengine wanasema ni kijicho. Lakini hakuna adui aliyeingia usiku. Basi ni nini kilichotokea?

1. Mwani ni kitu gani?

Ile rangi ya kijani ni mimea midogo sana isiyo na mizizi wala maua. Inaitwa mwani. Uko mwingine unaoota kama nyuzi au pamba iliyolowa. Na huko baharini, kwenye miamba ya matumbawe, kuna aina inayoota kama vijipira vya kijani vinavyong'aa. Ajabu ni kwamba kila kijipira ni seli moja tu, hata kikifika ukubwa wa zabibu! Watu wanaofuga samaki wa bahari ndani ya tangi za kioo wanaujua vizuri mwani huo. Ukiingia tangini na chakula kikawa kinatupwa ovyo, unaenea juu ya mawe. Mwenye tangi akiung'oa bila kupunguza chakula, baada ya muda unarudi.

Hilo ndilo jambo la kushika. Mwani wa baharini na wa Dagoretti, desturi yao ni moja: wote hufuata chakula. Chakula chenyewe ni nitrojeni na fosforasi, zile zile zinazonawirisha sukuma wiki shambani. Zinatoka kwenye mbolea, kinyesi, mabaki ya chakula na maji ya sabuni.

2. Mchana anatoa, usiku anachukua

Mwani si mbaya. Tilapia hula mwani, na jua likiwaka mwani hutoa oksijeni ambayo samaki wanapumua. Lakini usiku hautoi tena. Unapumua kama samaki, unavuta oksijeni ile ile. Mwani ukiwa mwingi kupita kiasi, kabla ya mapambazuko oksijeni inakuwa imekaribia kwisha.

Sasa ongezeni mawingu ya Juni hadi Agosti, ambayo sisi watu wa Nairobi tunayajua. Jua ni kidogo, kwa hiyo hata mchana oksijeni ni kidogo. Tena tilapia ni samaki wa maji ya joto. Baridi ikizidi hawali sana, na chakula walichoacha kinaozea chini. Kuoza nako kunakula oksijeni. Hivyo ndivyo samaki wa mfano wetu walivyokufa. Hakuna mwanachama aliyekuwa mzembe. Wote walilisha, ila hakuna aliyejua mwenzake ameweka kiasi gani.

3. Pimeni kwa mkono

Kipimo hiki hakina gharama. Jua likiwa limetoka, tumbukizeni mkono mmoja majini, ukiwa umenyooka, kiganja kimekunjwa kuelekea juu.

• Kiganja kikipotea machoni wakati maji yamefika karibu na kiwiko, mwani unatosha. Msiongeze mbolea.
• Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mwani umezidi. Hatari!
• Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, mwani ni kidogo. Mnaweza kuongeza mbolea kidogo.

Lakini kama maji ni ya kahawia kwa sababu ya tope, kipimo hiki hakifai. Na mkiona utando mzito juu ya maji kama rangi ya nyumba iliyomwagika, msiwape ng'ombe wala mbuzi maji hayo. Mwani wa namna hiyo waweza kuwa na sumu.

4. La kufanya

• Samaki wakitweta juu ya maji alfajiri, simamisheni chakula na mbolea siku hiyo hiyo. Ingizeni maji safi yakianguka kutoka juu, au chapeni maji kwa ndoo ili yachanganyike na hewa. Maji ya mfereji yenye dawa yakae wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia.
• Wekeni mbolea ndani ya gunia lililofungwa kwenye kona ya kidimbwi. Maji yakizidi ukijani, mnalitoa gunia. Mbolea iliyomwagwa haizoleki.
• Lisheni kile ambacho samaki wanamaliza kwa dakika kumi na tano hivi. Siku za baridi punguzeni.
• Mwani wa nyuzi uvuteni kwa reki, mkautie kwenye mboji ya shamba. Ukiachwa ukingoni, mvua itaurudisha.
• Chimbeni mtaro upande wa juu, maji ya zizi na ya choo yasiingie.
• Msimwage dawa ya kuua mwani. Mwani wote ukifa kwa mara moja utaoza, na samaki watakosa oksijeni vile vile.
• Wekeni daftari moja. Kila mwenye zamu aandike ameweka nini na kiasi gani.

5. Funzo la Nairobi Dam

Bwawa hili liko kati ya Kibera na Lang'ata. Lilijengwa mwaka 1953 kwenye Mto Motoine, unaoteremka kutoka upande wa Dagoretti. Zamani watu waliendesha mashua za tanga pale na kuvua samaki. Baadaye maji machafu, takataka na udongo viliingia mwaka baada ya mwaka. Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, yakapata chakula tele na kufunika maji. Watu wamejaribu kuyang'oa zaidi ya mara moja, nayo yakaota tena, kwa sababu uchafu uliendelea kuingia. Kung'oa ni kazi nzuri, lakini anayeng'oa bila kuziba njia ya uchafu atang'oa milele.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kidimbwi chetu kinapata chakula kutoka wapi? Tajeni njia zote, hata zile ambazo hatukuzikusudia.
2. Wiki iliyopita tuliweka kiasi gani cha chakula na mbolea? Kama hakuna anayejua, nani atatunza daftari?
3. Maji yakitoka kwetu yanaenda kwa nani?

Kabla ya mkutano ujao, mmoja wenu apime kwa mkono na alete jibu.