Amua kwanza Z inaanzia wapi

Fundi aliyesomea VETA au Nairobi akiingia karakana ya Stafford, kusini-magharibi mwa Houston, kitu cha kwanza kumsumbua ni inchi. Elfu moja ya inchi ni milimita 0.0254, na huku watu huongea kwa elfu hizo kutwa nzima. Hilo utalizoea. Kinachovunja vifaa kwenye mashine ya CNC ni kutoamua Z inaanzia wapi.

Njia ni mbili. Ama kila kifaa kiguse uso wa juu wa kipande, na Z ya G54 (ofseti ya kazi) ibaki sifuri. Ama kila kifaa kiguse bloku ya inchi moja iliyolala mezani, kisha upime kutoka juu ya bloku hadi juu ya kipande. Tofauti ikiwa inchi 2.25, hiyo ndiyo Z ya G54. Mimi naipenda ya pili, kwa sababu kazi ikibadilika unabadilisha namba moja tu, hata vifaa viwe 20. Balaa huja ukizichanganya: kifaa kilichopimwa kwenye bloku, huku Z ya G54 ni sifuri, kitatafuta sifuri yake inchi 2.25 ndani ya chuma.

Futa meza na bloku kabisa, kwani chembe moja ya chuma chini ya bloku hupotosha vipimo. Spindeli iwe imezimwa. Shusha kifaa pembeni mwa bloku, ncha ipite chini kidogo ya uso wake, kisha kipandishe elfu moja moja huku unaisukuma bloku kwa mkono. Itakapopita chini ya ncha kwa kukwaruza kidogo, hapo hapo hifadhi kipimo, ukihakikisha namba ya kifaa kwenye skrini ndiyo iliyo kwenye spindeli. Usiishushie bloku kifaa kutoka juu. Kabaidi humeguka upesi sana.

Kwa X na Y tumia kitafuta-ukingo. Chenye ncha ya kipenyo cha 0.200 kikiruka pembeni, kitovu cha spindeli kiko 0.100 nje ya ukingo. Ukingo wa kushoto, ongeza 0.100 kwenye X. Wa nyuma, punguza 0.100 kwenye Y. Na andika nukta: mashine nyingine husoma 1 isiyo na nukta kuwa 0.0001.

Kwenye programu, T3 iende na G43 H3, yaani kila kifaa na kipimo chake cha urefu. Kisha pandisha Z ya G54 kwa inchi moja, endesha mstari mmoja mmoja, kasi ya kuruka iwe asilimia 5, kidole kikae kwenye kitufe cha kusitisha. Kifaa kikifika Z0.1, sitisha, zima spindeli, pitisha bloku ya inchi moja kati yake na kipande. Ikipita na kubakiza nafasi ya 0.1, ofseti ni sahihi. Rudia kwa kila kifaa, halafu ndipo uiondoe ile inchi.