Kuku Wanaharisha Maji: Ugonjwa, Joto au Chakula?

Joto la pwani likipanda, kati ya Desemba na Machi, maswali ya wafugaji wadogo hufanana: kuku watano au ishirini wa uani, juzi kinyesi kilikuwa kizuri, leo ni maji matupu. Wengi wanapouliza huwa tayari wamepita duka la dawa za mifugo na wana pakiti mkononi. Daktari wetu wa mifugo anajibu.

Shikamoo daktari. Nina mitetea sita hapa Mbagala. Tangu wiki iliyopita wanaharisha maji, lakini wanakula na kutaga kama kawaida. Niwape dawa gani?

Marahaba, mama. Usiwape dawa yoyote kwanza. Kesho usiku, wakishapanda kulala, tandika gazeti au mfuko wa sandarusi uliopasuliwa chini ya kichanja chao. Asubuhi uchuchumae, uangalie kinyesi kimoja kimoja.

Kuku ana tundu moja tu la kutolea kila kitu: kinyesi, mkojo na yai. Kinyesi chake kizuri kina sehemu tatu. Kuna sehemu ngumu ya kahawia au kijani kilichofifia, kuna utando mweupe juu yake mithili ya chokaa, na kuna majimaji kidogo pembeni. Ule weupe ndio mkojo wenyewe. Kuku hatoi taka za protini kwa njia ya maji mengi kama sisi, bali huzigeuza kuwa asidi ya yuriki, ambayo ni nyeupe na nzito.

Sasa tazama gazeti lako. Ukikuta sehemu ngumu ina umbo lake, weupe upo, ila vimezungukwa na kidimbwi cha maji safi, huyo haharishi. Anakojoa sana, basi, na utumbo wake ni mzima. Anayeharisha utamjua kwa kinyesi chenyewe: kimevurugika, hakina umbo, kina povu au kamasi, na harufu yake imebadilika. Manyoya ya nyuma nayo huwa yamelowa na kugandamana. Hapo ndipo penye tofauti, na wafugaji wengi hupoteza fedha kwa kutoiangalia.

Kwa maelezo yako, nakisia ni joto. Mwili wa kuku una nyuzi 41 hadi 42 na hauna tezi za jasho. Akitaka kupoa huhema mdomo wazi huku mbawa ameziachia, na kila anapohema hupoteza maji ambayo lazima ayarudishe. Siku ya kawaida kuku wa mayai hunywa karibu robo lita, uzito ambao ni kama mara mbili ya chakula anachokula. Hewa ikipita nyuzi 30 anaweza kunywa mara mbili ya hapo au zaidi, na wakati huohuo chakula anakipunguza. Maji mengi, chakula kidogo: usitegemee kinyesi kikavu.

Wawekee kivuli na maji yaliyopoa, uyabadilishe mchana. Chakula kingi wape alfajiri na jioni. Na tafadhali usifanye wanavyofanya baadhi ya watu, kuwanyima maji ili banda likauke. Kuku wa mayai hutaka siku moja tu ya kiu ili asimamishe kutaga, na kumrudisha huchukua muda.

Kuna kinyesi kingine cheusi, kinanata kama lami na kinanuka kupita kiasi. Hakitokei kila mara. Ni damu iliyooza?

Hapana. Kuku ana vifuko viwili virefu vilivyoungana na utumbo wake upande wa mwisho, ambamo mabaki ya chakula huchachuka. Vifuko hivyo hujimwaga mara mbili tatu kwa siku, na kinachotoka ni hicho ulichokieleza: rangi ya haradali iliyokolea hadi kahawia nyeusi, laini, kinanuka. Katika vinyesi vinane hadi kumi, kimoja kuwa hivyo ni kawaida.

Kadhalika ukiona kipande kimoja cha rangi ya chungwa au wekundu uliopauka, kama uzi wa nyama, usishtuke. Ni ngozi ya ndani ya utumbo inayojivua. Damu ya kweli huonekana mbichi au huganda, na hurudi siku inayofuata.

Mtetea wangu anaatamia. Akishuka anatoa kinyesi kikubwa ajabu chenye uvundo.

Mwache. Anajizuia asichafue mayai, halafu anautoa mzigo wa siku nzima kwa mkupuo mmoja. Angalia tu kwamba anakula na kunywa anaposhuka.

Mimi nachanganya chakula mwenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, soya na chokaa. Kuku wote wanatoa maji, si mmoja wala wawili. Nimekosea wapi?

Umenipa dalili nzuri. Kuku wote wakianza siku moja, bila mgonjwa wala kifo, chunguza kwanza chakula na maji.

Anza na dagaa. Dagaa wa baharini, hasa wale wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa kama wanavyofanya Zanzibar na sehemu nyingine za pwani, wana chumvi nyingi kuliko wale wa ziwani wanaoanikwa tu. Chakula cha kuku kinahitaji chumvi kidogo sana, takriban gramu 300 kwa kilo 100. Ukitumia dagaa wa aina hiyo halafu ukaongeza chumvi kwa sababu ndivyo fomula uliyopewa inavyosema, kuku atakunywa hadi tumbo lijae, na vifaranga wanaweza kufa. Kama unaishi Dar es Salaam au mahali pengine karibu na bahari na unachota kisimani, yaonje maji pia. Yakiwa ya chumvi mdomoni mwako, na kuku chumvi hiyo inamfikia.

Pili ni soya. Mbichi haifai hata kidogo. Ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, hivyo kuku anakula, anashiba, lakini hanufaiki, na kinyesi kinalegea. Ikaange au uichemshe kabla ya kusaga.

Tatu, uliza umri. Kama kuna wadogo ambao bado hawajakaribia kutaga na wanakula chakula cha wanaotaga, hiyo ni hatari ya kimyakimya. Chakula cha kutagia kina kalsiamu ya asilimia tatu na nusu hadi nne, kwa ajili ya maganda ya mayai. Mdogo asiyetaga hana pa kuipeleka, na figo zake ndizo zinazobeba gharama. Atakunywa sana na kukojoa sana, na kufikia wakati dalili hizo zinaonekana, figo huwa zimeshaumia.

Nne ni ukungu. Pumba zilizolowa na mahindi yaliyovunda huwa na sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Huwa nasikia: "Haya hayafai kuliwa na watu, tuwape kuku." Nao hawafai kupewa. Ini la kuku halihimili sumu hiyo, na sumu hula pia kinga yake ya mwili, ndiyo maana kundi lililochanjwa vizuri wakati mwingine huugua vilevile.

Matikiti maji, matango na mabaki ya kabichi huongeza maji kwenye kinyesi kwa nusu siku kisha mambo hurudi sawa. Maziwa usiwape. Kuku hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa.

Hapa kwetu Kilifi tunauogopa kideri. Kuku akitoa kinyesi cha kijani, si ndio huo?

Unaweza kuwa ndio, lakini rangi ya kijani peke yake haitoshi kutoa hukumu. Kijani ni nyongo. Kuku yeyote ambaye hajala kwa siku moja au mbili, hata kama sababu ni yai lililokwama au kuonewa na wenzake, atatoa majimaji ya kijani kibichi kwa sababu utumbo hauna kitu kingine cha kutoa.

Kideri, ambacho Tanzania tunakiita mdondo, huja na mengine: kuku kadhaa kwa pamoja wamejikunyata, wanakoroma au kukohoa, mbawa zimelegea, shingo imejipinda, wengine wanazunguka mahali pamoja. Kisha vifo hufuatana. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kubakiwa na banda tupu kabla wiki haijaisha.

Hakuna dawa ya mdondo. Sisemi ni ghali au ni adimu, haipo. Shubiri na pilipili kwenye maji, ambazo karibu kila kijiji kina mtu wa kuzisifia, hazijawahi kuuponya. Wanaobaki hai wangebaki hata bila shubiri. Kinga ndiyo njia, na kwa kuku wa kienyeji chanjo ya I-2 ndiyo ninayoipendekeza kwa sababu huvumilia joto kuliko nyingine: tone moja jichoni, kuku wa umri wowote, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Mchanje angali mzima. Tone likiingia jichoni mwa kuku aliyekwisha kuambukizwa, umechelewa.

Vifaranga wangu wa wiki nne wanaharisha damu. Muuzaji dukani kanipa OTC, nimemaliza pakiti na bado wanakufa.

Pole sana. Muuzaji amekupa dawa ya bakteria, na kwa umri huo damu mara nyingi ni koksidiosi, ugonjwa wa vijidudu viitwavyo Eimeria, ambavyo si bakteria. Omba dawa yenye amprolium, soma kipimo kwenye pakiti, wape kwenye maji kwa siku tano hadi saba, na wakati huo wasiwe na maji mengine ya kunywa.

Dawa peke yake haitakusaidia kama maranda yamelowa. Mayai ya Eimeria yakitoka kwenye kinyesi hayajawa na madhara. Yanahitaji joto, hewa na unyevu, na ndani ya siku moja au mbili huwa yameiva na kuweza kuambukiza. Dawa nyingi za kusafishia mabanda haziyaui. Ukavu ndio unaoyakomesha. Chukua maranda ya karibu na chombo cha maji, yafinye kiganjani. Yakishikana na kubaki donge ulipofungua mkono, yaondoe leo. Inua chombo kifike usawa wa mgongo wa kifaranga asiweze kukimwaga wala kukanyaga ndani.

Kama si damu bali majimaji meupe, vifaranga wanatetemeka na kujidonoa nyuma, fikiria Gumboro, ambao umepewa jina la mji mdogo wa jimbo la Delaware, Marekani, na ulielezwa kitaalamu mwaka 1962. Nao huwapiga walewale wa wiki tatu hadi sita, na nao hauna tiba, una chanjo. Wafugaji huuchanganya na koksidiosi kila siku. Weupe kwa vifaranga wa siku chache tu, wenye kinyesi kilichokauka na kuziba tundu, ni habari nyingine: huenda ni pullorum, bakteria ambaye mama humrithisha mtoto ndani ya yai. Hapo swali ni mayai yalitoka kwa nani, na mama huyo hafai kuatamishwa tena.

Na minyoo?

Ipo kwa karibu kila kuku anayezurura. Kuku hukonda kifuani, kilemba hupauka, kinyesi hulegea. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele vikitambaa, hiyo ni tegu. Wape dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, lakini soma pakiti, kwa sababu inayoua minyoo ya duara si lazima iue tegu.

Nikiwapa dawa, mayai tuendelee kula?

Inategemea dawa. Kwenye pakiti tafuta muda wa kusubiri, yaani siku ambazo mayai na nyama havifai kuliwa baada ya dozi ya mwisho. Dawa nyingine huandikwa wazi kwamba haifai kabisa kwa kuku wanaotaga. Mayai ya siku hizo yafukie. Usimuuzie jirani, wala usiwape watoto kwa sababu "yamechemshwa": kuchemsha hakuondoi mabaki ya antibiotiki.

Kwa hiyo mimi sipendi kabisa mtindo wa kumpa kila kuku antibiotiki mara kinyesi kinapolowa. Kama tatizo lilikuwa joto au dagaa wa chumvi, umewafundisha bakteria kuizoea dawa bila kutibu chochote, na siku homa ya matumbo ya kuku itakapoingia kweli, na manjano yake na vifo vyake, dawa ileile inaweza isifanye kazi.

Mmoja amekufa leo asubuhi. Nimtupe?

Usimtupe, na usimchinje mwenzake mgonjwa ili kuokoa nyama. Kuku aliyekufa saa chache zilizopita ana majibu kuliko maelezo yangu yote hapa juu. Mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke penye barafu lakini asigande, umpeleke kwa afisa mifugo wa kata au maabara ya mifugo iliyo karibu siku hiyohiyo. Waambie umri wa kundi, wangapi wamekufa, wanakula nini, chanjo zipi wamepata na lini. Kabla ya kurudi bandani nawa mikono kwa sabuni, na wagonjwa waliobaki uwahudumie mwisho, baada ya wazima.