Kiangazi cha Pwani na Kiangazi cha Mlimani: Msamiati wa Majira na Joto katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

1.0 Utangulizi

Kila lugha huyataja majira kulingana na mazingira ya watu walioizaa. Kiswahili kilizaliwa ufukoni mwa bahari, na msamiati wake wa hali ya hewa ungali na chumvi ya bahari hiyo. Lugha hiyohiyo sasa inafundishwa Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki, miji iliyouzunguka Mlima Kenya, ambako hali ya hewa ni nyingine kabisa. Makala haya yanalinganisha hali ya hewa ya pwani na ya miji hiyo kupitia majina ya majira, kisha yanaonyesha jinsi majina hayo yanavyohusika na suala la kuwatahadharisha watu kuhusu joto kali. Hoja ya msingi ni kwamba neno moja la Kiswahili huweza kubeba hali mbili zinazotofautiana. Mwalimu au mtangazaji asiyelitambua hilo humfikishia msikilizaji neno bila kumfikishia maana.

2.0 Majira ya Baharia na Majira ya Mkulima

Mpwani aliugawa mwaka kwa pepo. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, inayoanza kushika nguvu baada ya Aprili, ndiyo iliyoyarudisha. Baina ya pepo hizo kuna masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, na vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba. Kiangazi ni kipindi cha jua na ukavu, nacho kipupwe ni kipindi cha ubaridi cha Juni hadi Agosti.

Mkikuyu wa Nyeri naye aliugawa mwaka kwa mazao. Mvua za masika kwake ni mvua za njahĩ, yaani zile zinazostawisha fiwi nyeusi. Mvua za vuli ni mvua za mwere, nafaka ambayo Kiswahili huiita mawele. Msimu wa baridi ni gathano. Ni dhahiri kwamba jamii hizi mbili ziliitazama kalenda moja ya mvua, lakini mmoja aliuliza, "Tutasafiri lini?" na mwingine akauliza, "Tutapanda nini?"

Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, majina ya baharia ndiyo yaliyoingia katika kamusi na vitabu vya shule. Mtoto wa Nyeri akayarithi majina ya pepo ambazo hajawahi kuambiwa kwamba zinafika kwao.

3.0 Upepo Mmoja, Hali Mbili

Pepo hizo, hata hivyo, zinafika. Kusi hutoka baharini ikiwa imebeba unyevu. Ikifika nyanda za juu hulazimika kupanda miteremko ya Mlima Kenya na ya safu ya Nyandarua. Hewa inapopanda hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa mawingu mazito yaliyo karibu na ardhi. Ndiyo maana katika mwezi wa Julai Nyeri huweza kukaa siku kadhaa bila kuliona jua, ukungu ukiwa umetanda na manyunyu yakidondoka tangu alfajiri. Nanyuki, iliyo upande wa kaskazini-magharibi wa mlima, hupata ukavu zaidi kwa kuwa mlima wenyewe huizuilia sehemu ya mvua.

Kwa hiyo kipupwe cha Mombasa ni nafuu baada ya fukuto, ilhali kipupwe cha Nyeri ni wakati wa makoti, makaa na vifua vya watoto. Mwanafunzi anayesoma kwamba kipupwe ni msimu wa "ubaridi mzuri" hujifunza neno lisilolingana na anachokiona dirishani.

Kiangazi nacho kina kinyume chake. Pwani, neno hili huandamana na joto la mchana na usiku. Katika nyanda za juu, anga lisilo na mawingu huruhusu ardhi kupoteza joto lake haraka baada ya jua kutua. Katika sehemu za juu za Nyandarua, usiku wa Januari au Februari huweza kuleta sakitu inayochoma viazi na mboga. Hivyo basi, kiangazi cha mlimani huweza kuunguza mmea mara mbili: mchana kwa jua, usiku kwa baridi.

Tukio la kihistoria linalisisitiza jambo hili. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona Mlima Kilimanjaro mwezi Mei 1848, kiongozi wake wa safari aliuita weupe wa kileleni "baridi" tu. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani. Msamiati wa kawaida wa msafiri wa pwani haukuwa na haja ya theluji. Ulilitumia neno uliokuwa nalo.

4.0 Joto Hupimwa kwa Mazoea ya Mahali

Kwa wastani, halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nyeri, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, haina budi kuwa na ubaridi kuliko Mombasa ingawa miji yote miwili iko karibu na ikweta. Aidha, kwa kuwa ikweta inapita Nanyuki, jua huwa utosini huko mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Eneo hili halina majira ya joto ya Juni hadi Agosti kama ya Ulaya. Anayetafsiri habari za Ulaya kwa neno "kiangazi" bila kutaja miezi humfanya msomaji wa Karatina afikirie Januari na Februari, ilhali habari yenyewe ni ya Julai, wakati yeye amevaa sweta.

Istilahi "wimbi la joto" nayo inahitaji uangalifu. Joto hilo hulinganishwa na hali ya kawaida ya mahali, likidumu kwa siku kadhaa mfululizo. Nyuzi 31 ni siku ya kawaida Mombasa mwezi Februari. Nyuzi hizohizo zikidumu Nyeri ni jambo la kushtua. Kwa hiyo tangazo linalotaja "joto kali nchini" bila kutenganisha maeneo halimsaidii mpwani wala mtu wa mlimani.

5.0 Maarifa ya Kukabiliana na Joto

Pwani ina maarifa ya karne nyingi: kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vyenye kivuli huko Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, paa za makuti, mavazi mepesi, na mapumziko ya adhuhuri. Nyumba nyingi za Nyeri zilijengwa kwa kuihofia baridi: madirisha madogo, na paa la mabati ambalo mara nyingi halina dari. Paa hilo hupata moto haraka mchana na kupoa haraka usiku. Dari, kivuli cha miti na madirisha yanayoelekeana ni hatua zinazoweza kuigwa bila kuigeuza Nyeri kuwa Lamu.

Tofauti nyingine ni unyevu. Fukuto la pwani huzuia jasho lisikauke, hivyo mtu huhisi uzito wa joto papo hapo. Katika kiangazi cha mlimani jasho hukauka upesi, na mtu huweza kupungukiwa na maji mwilini bila kujua. Mafundi wa jua kali, ambao jina la kazi yao lenyewe limetokana na hali ya hewa, wachuuzi wa sokoni Karatina, wazee na watoto wachanga wanahitaji kuambiwa wanywe maji kabla ya kiu na watafute kivuli saa sita hadi saa tisa.

6.0 Hitimisho

Suala hili si la kamusi pekee. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitahadharisha kwamba barafu ya Mlima Kenya huenda ikatoweka katika miaka ya 2030. Machi 2024, na tena Februari 2025, Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto. Majirani wa mlima huu watazidi kuhitaji tahadhari zinazoeleweka.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu anapofundisha majina ya majira ataje miezi na mahali, kisha awaulize wanafunzi majina ya lugha zao za kwanza. Pili, mtafsiri asitumie "kiangazi" kwa majira ya joto ya Ulaya pasipo maelezo. Tatu, matangazo ya joto yaseme ni wapi, ni nyuzi ngapi kupita kawaida, na msikilizaji afanye nini. Kiswahili kimekwisha kuupanda mlima. Maana za maneno yake nazo zisaidiwe kupanda.